Fundi wa Dirishani

Kwanza ilikuwa sauti ya ngazi. Ilikuwa ngazi ya alumini, imefungwa kwa mpira ubavuni mwa baiskeli, na kidato chake kimoja kilicholegea kiligonga njia nzima kutoka barabara ya lami hadi kwetu Mwabungo. Mama alikuwa akiinua kichwa jikoni na kutega sikio. "Huyo keshapita skuli," angesema. Baadaye kidogo: "Sasa yuko kwa muuza samaki." Ngazi iliponyamaza, sote tulikuwa tumekwisha kujitanda mitandio, na dada yangu Riziki alikuwa amekwisha kufagia chini ya dirisha la sebuleni.

Tulifagia chini ya dirisha kwa sababu hapo ndipo mgeni wetu alipokaa. Kwa miaka yote aliyotuhudumia, hakuwahi kuingia ndani.

Alikuwa fundi wa kampuni iliyoleta waya wa televisheni na intaneti upande wetu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani, lakini hakuna aliyelisoma. Alikuwa Fundi tu. Alikuja kutoka bara, akapata shamba dogo kwenye ardhi ya makazi nyuma ya Ukunda, akapanda mihogo na kuoa. Zaidi ya hapo hakusimulia, na sisi hatukumchimba. Alikuwa Mkristo anayejua vipindi vya sala kuliko vijana wetu wengi. Mchana wa Ramadhani hakuna aliyemwona akimeza hata tone la maji, ingawa jua la juu ya nguzo lilikuwa likimkausha kama papa. Mama alipomwambia, "Kunywa, Fundi, wewe huna saumu," alijibu, "Na nyinyi mtanitazama nikinywa? Hapana, Mama. Tutakunywa pamoja magharibi." Alikunywa kwake na sisi tukanywa kwetu, lakini alisema kweli: ilikuwa pamoja.

Kupiga kwake hodi kulikuwa kama ibada. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili, kimya kirefu zaidi. Ya tatu ikijibiwa na sauti ya kike, aliuliza bila kusogea, "Mwenye nyumba yupo?"

"Mwenye nyumba ndiye mimi," Mama alijibu kila mara. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa na tulimwona mwisho wa mwezi.

"Basi nitazunguka dirishani."

Adabu hii hakuzaliwa nayo. Aliipata Gazi, wiki zake za mwanzo, na alipenda kutusimulia mwenyewe. Alipiga hodi kwenye nyumba moja karibu na mikoko, akasikia "Karibu!", akaingia. Kule bara alikotoka, alisema, karibu maana yake ni ingia. Hakujua kwamba mwanamke wa pwani hujibu hodi kwa karibu hata akiwa uani anakuna nazi, na kwamba mgeni mwenye akili hubaki barazani mpaka atokee mtu. Fundi akapita sebuleni, akafuata waya hadi chumbani, akapiga magoti nyuma ya kabati la nguo kutafuta soketi. Mume aliporudi kutoka kuvua kaa, alikuta nyayo mbili za kiume zimechomoza nyuma ya kabati lake, na mkewe yuko uani anaimba.

"Nilieleza mambo ya waya," Fundi alituambia. "Nikaeleza mambo ya intaneti, kasi yake, bei yake. Yule bwana akaniuliza swali moja tu: 'Hiyo intaneti inaishi ndani ya kabati la mke wangu?'"

Wazee wawili na imamu walitumia mchana mzima kumtoa pale kwa salama. Tangu siku hiyo, palipokuwa na wanawake peke yao, mwili wake ulibaki nje. Mkono ndio ulioingia, katikati ya nondo za dirisha, umeshika tochi. "Mkono umeingia, mimi niko nje," alisema. "Nani atashitaki mkono?"

Mafundi wengine wa kampuni walipokuta nyumba ya wanawake peke yao waliandika kwenye simu zao kwamba mteja hayupo, wakaondoka. Fundi hakuweza kuandika hivyo. Aliona ni kumfuta mtu aliye hai. Kwa hiyo alifanya kazi yote ya nje mwenyewe, nguzo, paa na ukuta, na kazi ya ndani akaifanya kwa mikono ya wenyewe. Alipitisha vifaa kimoja kimoja kati ya nondo, na kwa sauti yake ya taratibu akamwongoza aliyekuwa ndani.

Kwetu aliyekuwa ndani ni Riziki. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya talaka, na cherehani moja na maneno machache. Nakumbuka somo la kwanza. Nilishika kiberiti, mshumaa na hofu, maana stima zilikuwa zimekatika na sebule ina kiza hata mchana.

"Menya ganda la juu, Dada. Taratibu. Ndani kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ukiukunja sana unakufa na hatutamjua muuaji."

"Nimemenya."

"Ufute kwa spiriti. Mara moja. Usiurudie kama unayepiga deki."

"Nimefuta."

"Uweke kwenye kikata, ukate, uuingize kwenye kichwa cha plastiki, usukume mpaka usikie mlio."

"Nimesikia."

Stima ziliporudi na kisanduku cha intaneti kikawaka, aliuliza, "Taa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Toa. Anza tena."

Riziki alirudia mara nne. Ya tano aliutupa waya chini. "Fundi, mimi ni mshonaji! Niache na nguo zangu!"

"Ndiyo maana nakutesa wewe na si mwingine," alisema dirishani. "Mtu anayetia uzi kwenye sindano bila miwani asinidanganye kwamba hawezi."

Mara ya sita taa ilikuwa kijani. Riziki aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazamwa nayo. Jioni ile Mama aliona tamthilia yake kwenye picha safi isiyo na chenga, na mimi nikapata kusoma masomo yangu bila kwenda kuketi nje ya hoteli za Diani kuiba mtandao. Riziki hakutazama chochote. Alikuwa amechukua kipande cha waya kilichobaki, anakimenya tena, anakifuta tena.

Ndivyo ilivyokuwa nyumba baada ya nyumba. Bila mtu kupanga, Mwabungo ikawa na wanawake wanaojua kufunga waya wa kioo. Waya ukikatika ndani, panya akiutafuna au mtoto akiuvuta, hawakupiga simu ofisini. Walimwita Riziki, na Riziki akaenda na kikata kilichokuwa cha Fundi, kikawa chake bila mtu kutamka.

Sitaki kumfanya malaika. Aliogopa urefu, na hiyo ni kasoro kubwa kwa mtu ambaye kazi yake ni nguzo. Alipofika kidato cha tano cha ngazi alianza kuvumisha wimbo wa kanisani, mdomo umefungwa, na kadiri alivyopanda ndivyo wimbo ulivyozidi. Mzee mmoja jirani, anayesuka majamvi barazani, alimuuliza kila mara akishuka, "Fundi, leo umefika mbingu ya ngapi?" Aliwachukia mbega kwa chuki isiyo na dini. Waliona waya zake ni bembea zao, naye aliwatukana kwa lugha ya mama yake, matusi marefu yenye mdundo, kisha akatugeukia: "Samahani, akina mama. Nilikuwa nawasalimu."

Tena, yeye aliyepeleka televisheni kwenye nyumba zote hizi, kwake hakuwa nayo. Alikuwa na redio ndogo. Nilipomuuliza sababu alisema televisheni inamtaka mtu aketi, na yeye akiketi hulala. Alikuwa na misemo yake ya kazi, na mingine imenifaa mahali ambapo hakuna waya. Mteja akilalamika kwamba intaneti haishiki, Fundi hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mara ya mwisho ilishika lini? Tuanzie hapo." Nimewaona watu wakiokoa hata ndoa kwa swali hilo.

Kampuni ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila kazi ikiisha ipigwe picha ya kisanduku taa zikiwa kijani, na mkono wa fundi uonekane umeshika waya, ipelekwe ofisini Ukunda kwa simu. La pili, mtu asiyeajiriwa na kampuni asifungue kisanduku wala kugusa waya, na fundi atakayemruhusu atafukuzwa. Fundi alilitimiza la kwanza kwa uaminifu wote. Alipitisha simu dirishani, picha ikapigwa, akaituma. La pili alilijua pia. Nadhani alilichukulia kama mvua: ipo, lakini kazi haisimami.

Hakufikiria hina.

Ulikuwa msimu wa harusi. Aliyekaa kwenye kompyuta Ukunda alifungua picha za Mwabungo, moja baada ya nyingine, na katika kila picha mkono wa fundi ulikuwa na maua mekundu mpaka kwenye kifundo, na kucha zimekolea hina. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, kijana wa kutoka bara, shati limechomekewa, na Fundi akitembea nyuma yake bila baiskeli. Siku hiyo hatukusikia chochote mpaka wakapiga hodi.

Mkaguzi naye alikuwa mtu wa kuambilika. Mama alipomwambia nyumba ni ya wanawake alibaki nje, akashika simu yake juu kama anayeuza.

"Mama, mimi sina noma na mtu," alisema. "Lakini nionyesheni huyu ni nani. Hii mkono si ya Fundi."

Mama aliikodolea. "Mkono wa mtu tu huo."

"Mama, iko na maua."

"Kwani fundi kakatazwa kwenda harusini?"

Kijana alicheka kabla hajajizuia, kisha akakumbuka alichotumwa. Akasema wazi, na kwa heshima: ikiwa Fundi alifunga waya mwenyewe na mtu wa ndani akashika tu wakati wa kupiga picha, hilo ni kosa dogo, ataandika onyo. Ikiwa waya ulifungwa na asiyeajiriwa, atachukua kitambulisho leo hii. Aliuliza mbele yetu sote, "Fundi, nani alifunga?"

Mama alikuwa karibu na dirisha. Nilimsikia akinong'ona kupitia nondo, "Sema wewe. Yeye kashika tu. Mungu ataelewa."

Fundi alimtazama Mama, kisha akamtazama Riziki, aliyekuwa amesimama ndani na mikono ameificha kwenye leso. Wakati huo Fundi alikuwa na watoto wawili wanaosoma, na shamba la mihogo lisilotosha karo ya hata mmoja wao. Tulilijua hilo. Mkaguzi, nadhani, alilijua pia, na akangoja jibu rahisi kwa subira ya mtu anayekuombea ulitoe.

"Alifunga huyu dada," Fundi alisema. "Mimi nilikuwa hapa nje. Picha zote unazoziona ni kazi yake na ya wenzake, na hakuna hata moja iliyorudi kwa ubovu. Angalia kwenye kompyuta yako."

"Fundi, unajua unasema nini?"

"Najua. Nikisema ni mimi, mikono yake itakuwa mikono ya kushikilia tu. Siwezi kumfanyia hivyo."

Alikivua kitambulisho mwenyewe. Riziki alitoka mbio mpaka barazani, kichwa wazi, akasahau mkaguzi na dunia nzima. "Baba Fundi, kwa nini? Mimi sikukuomba!"

"Ndiyo," alisema. "Hukuniomba." Akaondoka kwa miguu.

Baada yake kampuni ilituletea vijana wawili wenye pikipiki. Walikuwa wazuri na wepesi. Walipiga hodi, wakaambiwa nyumba ina wanawake, wakaandika. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mzima wa afya, anawatazama, na simu ikamletea ujumbe: Mteja hayupo. Aliusoma mara mbili kwa sauti. "Mimi? Sipo?" Jirani yake alipata huo huo. Na mwingine. Riziki aliendelea kufunga za ndani kwa siri, lakini nguzo hakuzifikia, na nyaya za nje zikaanza kufa moja moja.

Asubuhi moja Mama na wanawake wenzake wa chama walipanda magari hadi Ukunda, wakaingia ofisi ya kampuni na kukalia viti vyote vya wateja. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, na walipojaza viti walikaa sakafuni, na adhuhuri ilipofika waliswali kwa zamu kwenye kona ya matangazo. Meneja alitoka mwishowe, akaamkia kwa shikamoo yenye jasho, akauliza, "Akina mama, niwasaidie na nini?"

"Marahaba," Mama alisema. "Mimi ni mteja hayupo. Na hawa wote pia hawapo. Tumekuja kumuulizia Fundi."

Nimesikia hadithi hiyo ikisimuliwa na watu kumi ambao hawakuwepo, na kila mmoja huongeza idadi ya wanawake. Lililo hakika ni kwamba meneja alisikiliza. Alifungua rekodi za Mwabungo na kukuta ni kweli: kazi za maua mekundu ndizo zisizorudi. Aliahidi mambo mawili. Fundi anaweza kurudi kazini. Na huyo dada aje ajifunze kwa miezi mitatu, nguzo na kila kitu, apewe mtihani.

Fundi alirudi, kwa wiki hizo za mafunzo tu, na ndizo wiki nilizomwona mwenye furaha kuliko zote. Riziki alipanda nguzo yeye akiwa chini ameshika ngazi, na wimbo wa kanisani ulivuma vilevile, safari hii kutoka chini. Mzee wa majamvi alisema ni mara ya kwanza kuona mtu anaogopa urefu wa mwenziwe.

Mara ya mwisho kumkuta kazini ilikuwa ofisini kule Ukunda. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo, nikamsindikiza Riziki kusikiliza matokeo. Fundi alikuwa ameketi kwenye viti vya wateja, shati jeupe la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatatu. Nilimwamkia. Alinitafuta kwa uso kabla ya kuitika, na ndipo nilipoona ukungu mweupe ndani ya macho yake yote mawili.

Niliketi kando yake. "Tangu lini, Baba?"

"Muda. Daktari wa Msambweni anasema ni mtoto wa jicho, hutolewa. Nimepewa siku. Nitaona tena vizuri tu. Lakini uzi mwembamba kama unywele, hapana. Huo siuoni vizuri tangu zamani."

Nilikumbuka masomo yote yale, taa rangi gani, taa rangi gani. Swali likanitoka. "Basi pale dirishani ilikuwa heshima, au ilikuwa macho?"

Alicheka, akapiga goti lake. "Ilianza heshima," alisema. "Ikaendelea kwa macho. Nilijua nitafukuzwa kwa moja kati ya mawili, na nilichagua lililo zuri kusimulia."

Riziki alitoka chumba cha meneja na bahasha, hana rangi usoni. Alichuchumaa mbele ya Fundi. "Nafasi ni moja," alisema kwa sauti ya chini. "Ya njia ya Mwabungo. Wamesema ni yangu, kwa sababu wewe umewaandikia kwamba huitaki. Umeandika lini? Mbona hukuniambia? Nikikubali watu watasema nimekunyang'anya."

"Watasema," alikubali. "Wiki mbili hivi. Kisha waya utakatika mahali, nao watakupigia simu."

"Na watoto wako je?"

"Kampuni itanipa kazi ya kujibu simu, humu humu ndani, kwenye kiti. Mtu akisema haishiki, nitamuuliza ilishika lini. Hilo halihitaji macho." Akaugusa mkono wa bahasha. "Mwanangu, sikukupa kitu changu. Nimewaambia tu kilicho chako."

Riziki alikaa vile vile amechuchumaa, na mimi nikatazama ukutani, kwenye tangazo la familia inayocheka mbele ya televisheni, kwa sababu sikutaka kuwa wa kwanza kulia mle ndani.

Kwenye dawati msichana aliinua karatasi ya kazi. "Fundi wa Mwabungo!" aliita. "Kuna mteja kule Bodo pia ameongezwa. Mama na binti zake, hakuna mwanamume. Nani anaenda?"

Fundi alikuwa amekwisha kuinuka nusu, mikono juu ya magoti, kama alivyoinuka miaka yote. Akajishika. Akakaa tena, pole pole, akaegemea kiti kwa mgongo wote.

Riziki alisimama. Alichukua karatasi, akachukua begi la vifaa, akaweka sawa mtandio wake juu ya shati la kampuni alilopewa mafunzoni. Mlangoni alisita, akageuka kututazama. Fundi alimpungia vidole viwili, nenda, unachelewa. Akaenda. Mlango wa kioo ulirudi wenyewe, ukafunga nyuma yake.